Kikombe Changu cha Maziwa kule Kipese

Mnaonijua mnajua sikai mahali pamoja. Tangu nimalize shule ya sekondari nimeishi barabarani: Kasindi kufuata vitambaa, Beni kuviuza, Butembo kulala siku chache kwa mke wangu Kahindo, kisha safari tena. Nikipata nafasi nilipanda Kipese kwa yaya Masika, dada yangu mkubwa, anayelinda shamba la wazazi na ng'ombe wake wawili. Kule kwenye ukungu na harufu ya viazi vya kuchoma, mtu hurudi kuwa mtoto.

Safari ile nilipanda na neno gumu: nilitaka kuuza sehemu yangu ya shamba. Yaya aliendelea kumenya viazi. Asubuhi alinipa kikombe cha maziwa, changu peke yangu. Watoto wake walikunywa ya sufuria.

Majuma machache baadaye, nikiwa Beni, homa ilianza. Ilikuja jioni, ikaondoka asubuhi, ikarudi. Jasho lililowesha godoro, likanuka kama nyasi zilizooza. Kiuno kiliniuma hata nikashindwa kufunga viatu. Kisha korodani moja ikavimba. Nalisema hili kwa sababu aibu ile ilinichelewesha. Walinipima Ebola, haikuwa. Nikapewa dawa ya malaria, kisha ya tifoidi. Homa ilirudi tu. Nikapelekwa hospitali Butembo.

Ukilala chali mchana kutwa, unaanza kukumbuka nani alikupa nini.

"Batoto ba Masika banagonjwa?" Kahindo aliniuliza.

"Hapana. Wako wazima."

"Donc, basi, ni sumu. Unamuomba shamba, anakupatia kikombe!"

Kaka zake walitaka kupanda Kipese na vijana wa mtaa. Mnajua kwetu nyumba ya mtu anayeitwa mulozi, mchawi, inafanywa nini. Niliwaomba wangoje, lakini moyoni nilimshuku yaya vilevile. Kwa hiyo dokta alipouliza nilikula nini safarini, nilijibu, "Viazi." Kutaja maziwa kulikuwa kumtaja yaya.

Dokta huyo, mama mfupi asiyecheka, alitoa damu yangu. Mikrobe, kile kijidudu cha ugonjwa, ikaota polepole katika chupa, ikapelekwa maabara kubwa ng'ambo ya mpaka.

"Kule banapakaa mikrobe kidogo kwa kipande ya chuma," alinieleza, "banaipiga na mwangaza mukali. Protini zake zinaruka, mashini inazipima uzito, inalinganisha na za mikrobe zenye inajua."

Jibu liliporudi, alikunja uso.

"Mashini inasema ni mikrobe ya udongo. Mimi siamini. Mikrobe yenye haikuonyeshwaka mbele, inaiita jina ya ndugu yake." Akasogeza kiti. "Papa, uliniambia viazi tu; usinidanganye tena. Kuko mikrobe ya ng'ombe yenye inafanana na hii. Batu ba labo banaweza kuivuta kwa pumzi bila kujua. Ulikunywa maziwa?"

Nikawafikiria watu wale wa maabara nisiowajua.

"Nilikunywa."

"Ya kuchemsha?"

Nilijisikia mwenyewe jikoni kwa yaya, nikicheka: "Yangu usiichemshe. Nataka ile mama alikuwa anatupa, ya joto ya ng'ombe." Nimesema hivyo kila nilipopanda. Watoto wake, yaya huwachemshia. Kikombe changu kilikuwa peke yake kwa sababu nilikidai. Nikamwambia dokta hayakuchemshwa.

Maabara walilinganisha upya, na akiba kubwa zaidi ya mikrobe. Safari hii mashini ilisema brusela, ile ya ng'ombe.

"Ilidanganya mara ya kwanza," kaka mkubwa wa Kahindo alisema, funguo za pikipiki mkononi. "Juu ya nini tuamini ya pili?"

"Mashini haikuwa jikoni," nikamjibu. "Mimi nilikuwa. Ni mimi nilimukataza kuichemsha."

Akatia funguo mfukoni.

Nilimeza vidonge na kuchomwa sindano hadi kiuno kikanyooka. Namshukuru Mungu, na dokta yule aliyeshuku hata mashini. Nanyi mnaougua homa isiyoisha, mwambieni dokta yote, hasa lile mnaloogopa kulitaja. Ukimya wangu ulikaribia kuchoma nyumba ya yaya. Na maziwa yachemsheni, hata ya kwa mama.

Neno la shamba hatujalimaliza. Lakini nikipanda Kipese, yaya ananikalisha karibu na moto mpaka maziwa yafure na kupanda.

"Angalia muzuri, weye mutembezi," ananiambia. "Kesho usiseme hukuona."

Na mimi naangalia.