Mguu Chini ya Pazia

Nilipopewa orodha ya wazee wenye ugonjwa wa sukari niwe nikiwatembelea nyumbani, jina la kwanza lilikuwa la mama mkwe. Ole wangu! Huku Kibugu, mama mkwe humkazii macho, sembuse kumvua soksi. Na kazi yangu ya mhudumu wa afya wa kijiji ilikuwa hiyo hasa: kukagua nyayo kila wiki, kwa sababu sukari hutia miguu ganzi, na kidonda usichokisikia kinaweza kukukatisha mguu.

Nikamtuma mke wangu. Akafukuzwa. "Mtoto niliyemfundisha kutembea, leo aje kunifundisha miguu!"

Basi tukaelewana hivi: mama akae nyuma ya pazia la sebuleni, atoe mguu chini yake, nami niongee na pazia. Siku ya kwanza mguu ukatoka. Nikaugusa unyayo kwa kipande cha uzi wa nailoni, nikauliza, "Mama, unasikia?"

Pazia likaangua kicheko. Lakini kicheko kile nakijua, tuko kwaya moja! Kilikuwa cha jirani yake, mwenzake wa kuchuma chai. Mama mkwe alikuwa amejificha jikoni, ameazima mguu mzima ili afaulu mtihani.

Nilikasirika, sikufichi. "Mama, miguu haikaguliwi kwa niaba!"

Jirani akatoka mbio akicheka. Nikasikia mama akikaa, akinung'unika, akivua soksi. Mguu mwingine ukatoka polepole, umekunjamana kwa miaka ya gambuti za shambani. Nikapitisha uzi kwenye kisigino, kwenye kidole gumba, katikati ya unyayo. Chini ya kidole cha mwisho nikakuta mwiba umezama, usaha pembeni. Nikabonyeza kidogo, nikangoja aruke.

"Mkwe," pazia likasema kwa upole, "unaanza saa ngapi? Hiyo maharagwe yangu iko kwa moto."

Heshima yote ikaniishia, nikavuta pazia, nikamtazama usoni kwa mara ya kwanza tangu nimwoe binti yake.

"Mama, nilianza kitambo."

Akautazama mguu wake mikononi mwangu, kama wa mtu mwingine tena.

"Basi usiachilie," akasema.

Sikuuachilia mpaka zahanati. Kidole kilipona. Lile pazia alilishusha mwenyewe. Siku hizi anafunikia ndizi ziive.