Kaniamkia, Nisimjibu?

Tulikuwa kwenye benchi la dirisha la dawa la hospitali, hapa Wete. Pembeni yangu amekaa bibi mmoja wa Kiuyu, waya wa simu umepotelea ndani ya mtandio wake. Ghafla akasema kwa sauti, "Guten Morgen!"

Benchi zima tukageuka.

"Mwalimu wa simuni," akanambia. "Kaniamkia, mie nisimjibu?"

Mjukuu wake kazaliwa Ujerumani, Kiswahili hakijui. Kila wakipigiana simu, mtoto humtazama bibi kwenye kioo, kisha hukimbia. Ndipo bibi akawekewa masomo ya Kijerumani, huyasikiliza akipalilia muhogo.

Tungali hapo, simu ikaita. Kitoto cha kike kikatokea kiooni. Bibi akakiamkia. Nilidhani ataishia hapo, maana Wazungu huishia hapo. Wapi! Akaendelea swali baada ya swali, polepole, kidole kikigonga goti.

"Namuuliza mamake, skuli, na paka wao," akaninong'oneza.

Subhanallah! Salamu yetu nzima ya Kipemba, ya kuulizana mpaka mifugo, kwa Kijerumani!

Safari hii mtoto hakukimbia. Akajibu, kisha naye akaanza kuuliza, moja baada ya jingine, na bibi anaitikia huku machozi yanamtoka.

Dirishani wakamwita akachukue dawa. Akainua mkono, macho hayabanduki kiooni.

"Ningoje kidogo, mwanangu. Kishaniuliza miguu, kishaniuliza majirani. Bado mbuzi."