Mkanda Ulioliwa Upande Mmoja

Nianze na mkanda, maana ndio ulionizeesha. Watu wakiniona na mgongo huu huuliza kama nilipata ajali ya gari. Sikupata ajali yoyote. Nilikuwa mwendesha mashine ya kusaga ya kijiji huko kwetu Usambara, miaka ile ya Ujamaa, na mgongo uliniishia kwa kuinama chini ya mkanda usiotaka kukaa mahali pake.

Mashine yenyewe haikuwa na mambo mengi. Huku injini ya dizeli, kule kinu, na katikati mkanda mpana wa turubai na mpira uliopita kwenye puli mbili, moja ya injini na nyingine ya kinu. Injini inazunguka, mkanda unakizungusha kinu, mahindi yanaingia juu na unga unatoka chini. Tulipokabidhiwa tuliambiwa kwamba mkanda mzuri hukaa misimu kadhaa. Wa kwanza haukumaliza hata mavuno. Nilikuwa nasaga debe la bibi mmoja nikasikia mlio wa kitu kinachochanika, mkanda ukaruka ukalala mlangoni. Bibi akaniuliza kama ndiyo basi. Nikamwambia ndiyo basi, akayazoa mahindi yake yaliyobaki akaenda zake.

Kabla ya mashine ile, wanawake wa kwetu walikuwa wakishuka na mahindi hadi mashine ya Soni. Wanashuka asubuhi na ukungu, wanapanda mchana na unga kichwani, na ule mlima hauna mahali pa kupumzikia pa maana. Mimba ya kwanza ya mke wangu ilimtoka kwenye njia ile. Wenzake walimlaza kwenye majani ya migomba hadi nilipofika mimi, na debe lilikuwa limewekwa kando yake, limefunikwa vizuri, unga haujamwagika hata kidogo. Sina maneno mazuri ya kulisema hilo, nalisema hivyo hivyo. Sasa alikuwa na mimba ya pili, tumbo limeshaanza kuonekana, na mikanda ilikuwa inakatika mmoja baada ya mwingine.

Basi kila mtu akawa fundi. Mkanda wa kwanza tulisema ni mbovu tangu ulikotoka, umekaa ghalani mpaka umekauka. Wa pili wakasema nimeukaza mno, nikaulegeza, ukaanza kuteleza. Mzee mmoja wa kamati akaleta nta ya nyuki tuupake ushike. Ukashika siku mbili tatu, halafu vumbi la unga likagandamana na nta, mkanda ukawa na magamba. Mwingine akasema mahindi yanayoletwa ni mabichi, yanakilemea kinu. Nikawafukuza wanawake wenye mahindi mabichi, nikatukanwa mimi na ukoo wangu wote. Wa tatu ulipokatika, walioishiwa na sababu wakaniangalia mimi. Kwenye kilabu cha pombe na nje ya msikiti maneno yalikuwa yale yale, kwamba huyu kijana anaihujumu mali ya kijiji. Nilikuwa nikifika pale asubuhi kabla ya mtu yeyote, natoka mwili mzima mweupe kwa unga, nakohoa hadi nyumbani, halafu naitwa mhujumu. Nilikasirika, lakini hasira nayo inataka nguvu, na mimi nguvu sikuwa nazo.

Wilaya wakatuletea mkanda wa nne pamoja na fundi wao wa kuufunga, na agizo. Huu ni wa mwisho. Ukikatika kabla ya msimu mwingine, mashine itahamishiwa kijiji kingine kinachojua kuitunza.

Fundi yule alikuwa mtu mpole aliyekuwa ametokea Rangwi kwa kazi nyingine, amechoka kama mimi. Hakuniuliza habari ya nta wala mahindi mabichi. Aliiokota mikanda mitatu ya zamani niliyoitundika ukutani, akaipitisha mkononi mmoja mmoja, kisha akanionyesha. Yote ilikuwa imeliwa upande mmoja tu, upande wa kijito kinachopita kando ya nyumba ya mashine. Ukingo ule umechanikachanika nyuzi zinaning'inia, na ukingo wa pili uko mzima. Akasema mkanda mbovu huoza kote, na mkanda uliokazwa mno huvutika kote. Unaoliwa upande mmoja unasukumwa, unakwenda kusugua chuma cha kinga. Akachukua uzi, mimi nikaushika mwisho mmoja, yeye mwingine, tukaunyoosha ukipita kwenye nyuso za puli zote mbili. Uzi ulipaswa kugusa kote. Ukagusa puli ya injini pande zote, ukagusa puli ya kinu upande mmoja, na upande wa pili ukaacha nafasi ya kidole kuingia.

Tukakifungua kinu, tukaweka vipande vya bati chini ya mguu wake mpaka uzi ukagusa kote. Fundi akanawa mikono akaniambia, kwa sauti ya chini, kwamba bati ni dawa ya kutuliza tu. Kona ya msingi wa kinu, ile ya kuelekea kijitoni, inazama. Mvua ikinyesha itazama tena. Nikamwomba aiambie kamati. Akacheka kidogo, akasema hayo ni ya kijiji, akapanda gari.

Alikuwa amefahamu. Mgeni yeyote aliyeingia nyumba ya mashine angefahamu kwamba kijiji kina pande mbili, maana ndani yake kulikuwa na misingi miwili badala ya mmoja.

Kijiji chetu kilikuwa mitaa miwili iliyoletwa pamoja kutoka vilima viwili. Mtaa wa juu, ambako ndiko nilikozaliwa, na mtaa wa chini, ambako ndiko nilikooa. Na kwetu msaragambo, yaani kazi ya pamoja, hufanywa kwa vipande. Barabara ikilimwa, mtaa huu unapewa kipande chake, mtaa ule chake, na hakuna anayeingiza jembe kwenye kipande cha mwenzake. Ni heshima. Hivyo hakuna wa kusema nilikubeba, hakuna wa kusema ulizembea. Barabara zetu zimetengenezwa hivyo, na matuta ya kuzuia mmomonyoko, na shule. Mashine ilipokuja, wazee wakafanya haki waliyoizoea. Mtaa wa juu wajenge msingi wa injini, mtaa wa chini wajenge msingi wa kinu. Kila mtaa ukachanganya zege lake siku yake. Wa juu wakaangukia mwamba. Wa chini wakaangukia udongo wa kujazia, wala hawakuwa wavivu, walichimba hadi walipodhani panatosha. Mashine moja ikakalia misingi miwili.

Na aliyesimamia msingi wa mtaa wa chini alikuwa baba mkwe wangu.

Sasa nieleweke. Kwetu mkwe hapingwi. Unamwamkia kwa kuinama, unaongea naye ukiangalia chini, na kama amesema jua ni baridi unatafuta koti. Mbele ya watu ndiyo usithubutu kabisa. Tena mimi wa mtaa wa juu, nisimame niseme msingi wa mtaa wa chini ndio mbovu? Wangesema nimetumwa. Nikafanya kama wafanyavyo waoga wote, funika kombe mwanaharamu apite. Kila mvua ikinyesha nilikwenda na vipande vyangu vya bati, nakilegeza kinu, nakiinua kwa mtaimbo, naongeza bati, napima kwa uzi, nakaza. Peke yangu. Kesho mvua tena, bati tena. Mkanda wa nne ukaanza kutoa nyuzi upande ule ule wa kijito, na mke wangu akawa hawezi tena kujifunga khanga vizuri.

Siku moja alinikuta nimekaa nje nakata bati kutoka kwenye kopo la mafuta. Nilimweleza yote, maana hata yeye nilikuwa sijamwambia, ni baba yake. Alisikiliza hadi mwisho akiwa amesimama.

"Ukinyamaza wewe," akasema, "debe nalibeba mimi."

Akaingia ndani kupika.

Mkutano uliitishwa baada ya sala ya Ijumaa, nje ya nyumba ya mashine, kuzungumzia mkanda na mwendeshaji wake. Mwenyekiti alisema maneno yake ya umoja na kujitegemea, halafu wakaanza kunishughulikia. Nta ilirudi, mahindi mabichi yalirudi, na uhujumu ulirudi kwa jina lake. Baba mkwe alikuwa ameketi kwenye kiti cha mbele, kanzu safi, mikono juu ya fimbo. Nilipopewa nafasi nilisimama. Nikasema mkanda hauna kosa, injini haina kosa, na mimi sina kosa. Msingi wa kinu unazama.

Mtaa wa juu wakaangaliana, mmoja akaguna kwa furaha, na nilitamani kumzaba kibao. Mtaa wa chini wote wakamwangalia baba mkwe. Yeye hakuniangalia. Aliuliza tu, akiwa bado anatazama mbele.

"Umepima?"

"Nimepima, baba."

Akainuka akaingia ndani. Nikamfuata na uzi. Nilishika mwisho mmoja, na kwa kuwa hakuna mwingine aliyethubutu kuingia, yeye akashika mwisho wa pili. Akainama, kwa shida, akaingiza kidole chake gumba kwenye ile nafasi kati ya uzi na puli. Kidole kikaingia chote. Akaniachia uzi, akatoka, akapita katikati ya watu akashuka kwake bila kuaga. Mkutano ukavunjika wenyewe. Jioni ile shemeji yangu alipita akaniambia nimemvua baba nguo mbele ya kijiji, na kwamba dada yake arudi nyumbani kabla sijamvua na yeye. Mke wangu alimsikia, akamwambia chakula kipo kama anakula, kama hali apishe.

Kesho yake niliposikia nyundo nilidhani wamekuja kuivunja mashine. Nilikimbia. Nilimkuta baba mkwe na watu wa mtaa wake wamekishusha kinu, wamekilaza juu ya magunia, na yeye mwenyewe, kanzu hakuvaa, anaupiga ule msingi kwa nyundo kubwa. Watu wa mtaa wa juu walikuwa wamesimama kwenye ukingo wa barabara wanaangalia. Hawakuwa wakicheka tena. Hawakusaidia pia, kwa kuwa si kipande chao. Baba mkwe alipochoka, akaitua nyundo, akawaita. Akasema kama ni kipande basi ni kimoja, na injini nayo ishuke. Hapo kukawa na maneno, kwa nini wavunje msingi wao uliokaa kwenye mwamba, usio na ufa hata mmoja. Walibishana mpaka jua likapanda. Mwishowe mzee mmoja wa mtaa wa juu alishuka akachukua sururu, akasema yeye amechoka kula makande kwa kukosa unga, na wengine wakamfuata kwa aibu. Wakachimba mpaka mwamba ule ule ulipojitokeza upande wa kijito, chini sana kuliko tulivyodhani. Zege lilimwagwa moja, toka ukuta hadi ukuta.

Mkanda ule wa nne, pamoja na ukingo wake uliochanika, ulisaga mavuno yale na mengine baada yake. Lakini kwanza zege lilitaka kukomaa, na kazi yangu ikawa kulimwagia maji asubuhi na jioni huku kijiji kizima kikiwa hakina pa kusaga. Unga wetu uliisha. Nilimwambia mke wangu tutakula viazi. Tukala viazi. Hata hivyo alikuwa amekwisha kupukuchua mahindi, debe zima, limesimama karibu na mlango, na nilijua analitazama.

Asubuhi moja nilitoka kumwagia zege maji, niliporudi debe halikuwepo. Nikaita, na mke wangu akaitika kutoka jikoni, mikono imejaa majivu. Alisema baba amepita.

Sikumwelewa mpaka mchana. Nilikwenda kusimama pale njia ya Soni inapotokea juu, nikawaona wanawake wa kijiji wanapanda mmoja nyuma ya mwingine, na mbele yao mzee, debe kichwani, mkono mmoja umelishika, fimbo mkono wa pili. Kwetu mwanamume habebi debe la mahindi kichwani kwenda mashineni. Watoto wangemwimbia. Siku ile hakuna aliyeimba, na wanawake wale, ambao kwa kawaida unawasikia kabla hujawaona, walikuwa wanatembea kimya nyuma yake kwa mwendo wake wa kizee. Nilikimbia kumpokea. Akanikwepa, akapita na debe lake hadi mlangoni kwangu.

Binti yake alitoka. Akamsaidia kulitua, kisha akapiga magoti kumwamkia, tumbo likimzuia, na mzee akamshika bega asishuke zaidi. Alihema kwa muda mrefu kabla ya kupata sauti.

"Mpaka uzae, mama," akamwambia, "njia ya Soni ni yangu."

Alikunywa maji, akaomba debe tupu la kubebea mahindi ya wiki ijayo, akashuka nalo kwake.