Swali la Mzee Nyamburi

Katekista wetu wa Bukima hakuwahi kujibu swali la imani siku ileile alipoulizwa. Jirani yake Msabato, Mzee Nyamburi, akimuuliza jambo, katekista aliliandika kwenye kipande cha mfuko wa saruji, maana madaftari yaliadimika, kisha akasema taratibu, "Nipe wiki, mzee mwenzangu. Huenda ukweli unao wewe." Mwaka ule zahanati ilipokosa dawa, Nyamburi aliuliza, "Hivi wafu wanatusikiaga?" Wiki haikuisha, malaria ikamchukua. Siku ya maziko katekista alikuja na kile kipande, akainama kaburini. "Jibu nimelipata, mzee mwenzangu," alisema kwa sauti. Halafu akatega sikio, kama alivyozoea kusubiri Nyamburi ampinge.