Mama Bomu wa Kihesa

Basi kutoka Mbeya lilipoipita Igawa, Ruwaida alikuwa hajanunua hata karanga. Mkobani alibeba barua: kibeji anachovaa kazini, kinachopima mionzi inayompata mpiga picha za eksirei, kilikuwa kimesoma mara kumi ya kawaida. Tumboni alibeba mimba ya miezi mitatu.

Iringa hakuwahi kufika; wenzake kazini walimpa jina na mtaa tu. Dereva wa bodaboda alicheka.

"Kihesa kwa Mama Bomu? Panda, dada. Ila ukikuta kitu kinawaka, usishike."

Jina hasa ni Tekla Kalinga. Alizaliwa Tosamaganga, baba yake mpishi wa mapadri, na miaka ya themanini akapelekwa Budapest kusomea fizikia ya nyuklia, mwanamke wa kwanza wa kwao. Aliporudi, wajomba waliulizana nani atamwoa mtu aliyesomea bomu. Bomu hakuliona. Miaka thelathini alizunguka vyumba vya eksirei na kipimo chake, Njombe hadi Tukuyu, akiwafokea waliozoea kuchungulia mlangoni. Anayeogopa mionzi na anayeidharau, husema, wana kosa moja: hawapimi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Kamwene," akamsalimu na kwa Kihehe, "keti, mwanangu." Aliisoma mara mbili barua yenye kipimo cha mwezi wa saba. "Mbeya mwezi wa saba kuna baridi?"

"Ya kukata masikio."

"Kazini unavaa nini?"

"Sweta zito. Koti jeupe halienei juu yake, navua."

"Unaliweka wapi?"

Ruwaida akamweleza. Msumarini, hatua mbili kutoka meza ya wagonjwa, kibeji kikiwa kimebanwa mfukoni.

"Basi aliyepigwa picha ni koti. Wewe ulikuwa nyuma ya ukuta wa kinga?"

"Kila mara, mama!" Machozi yakamtoka, akamshika mikono.

"Usinishukuru bado. Hiyo ni dhana yangu. Ukuta wenyewe huenda unavuja, na sijaupima."

Tekla akakifunga kipimo kwa kitenge, akakitia kikapuni, akaomba namba ya simu ya mganga mfawidhi wa hospitali anakofanya kazi Ruwaida.

"Mama, saa sita za basi, kwa umri huu?"

"Kwa umri huu mionzi itanifanya nini? Wewe baki hapa kwangu; chumba kile huingii mpaka nikupime ukuta na kukupigia. Unga upo. Kuku wafungie mapema, kuna kicheche."

Bodaboda iliyomchukua Tekla ilipokata kona, Ruwaida aliingia jikoni kwa mtu aliyemfahamu kwa saa moja, akatafuta kiberiti.