Ukurasa wa Maji

Gari lile lilikuwa na viti viwili tu, na hilo ndilo jambo la kwanza nililomtania nalo mume wangu siku alipolileta nyumbani.

“Fundi,” nikamwambia, nikishika tumbo langu la miezi mitano, “na huyu wa tatu utamfunga kwenye boneti?”

Nilimwita fundi kwa sababu ndivyo alivyokuwa, fundi wa magari katika kambi ya barabara, mwendo wa saa moja na nusu kwa miguu kutoka kwetu, upande wa Mutomo. Yeye aliniita mwalimu. Sikuwa mwalimu wa mtu yeyote. Nilikuwa nimesoma shule ya misheni mpaka darasa la nane, na yeye aliacha la pili akachunge ng'ombe, kwa hiyo barua na karatasi zote za nyumbani zilikuwa kazi yangu. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya sabini, mvua zilikuwa zimekosa mara mbili mfululizo, na nilikuwa nimezika watoto wawili.

Naliweka hilo wazi ili mtu asinihukumu kabla hajajua. Wote wawili walikufa wakizaliwa, nyumbani, mikononi mwa mama mkwe wangu, ambaye hakuwa na kosa lolote. Safari hii daktari wa hospitali ya misheni alinipima akaniambia nyonga zangu ni nyembamba, huyu wa tatu lazima nipasuliwe, na uchungu ukianza nije bila kupoteza hata saa moja. Muuguzi akaangalia miguu yangu iliyovimba, akaniambia niache kabisa maji ya chumvi, ninywe matamu tu. Nilirudi nyumbani na maagizo hayo mawili, na niliyashika kuliko amri za kanisani.

Sasa, gari. Lilikuwa la mhandisi mzungu wa pale kambini, kijana mwembamba mwenye haraka, aliyelileta kwa meli kutoka kwao kwa sababu hakuweza kulala mbali nalo. Alipopata habari kwamba baba yake anaumwa, alipanda ndege kwenda kwao na kumwachia mume wangu kila kitu: funguo, logbuku, kitabu cha gari, na karatasi yenye sahihi yake inayosema fundi huyu ana ruhusa. Akasema atarudi baada ya wiki tatu. Akasema pia gari likikaa bila kuwashwa linaoza, na kukitokea ugonjwa nyumbani, litumike. Wiki tatu zikawa miezi, na hatukupata hata barua.

Kila Jumapili baada ya ibada mume wangu alikaa kwenye kigoda, mimi kwenye mkeka nimenyoosha miguu yangu mibaya, nikamsomea kile kitabu. Nilisoma Kiingereza, nikageuza Kikamba, na pale Kikamba kilipokosa neno nikatia Kiswahili. Silinda kumi na mbili. Kabureta sita. Nguvu ya farasi mia tatu. Maili mia moja na hamsini kwa saa.

“Rudia hapo,” alikuwa akisema.

“Maili mia moja na hamsini kwa saa.”

“Sasa hospitali ni maili thelathini. Piga hesabu, mwalimu.”

“Dakika kumi na mbili.”

“Dakika kumi na mbili!” Akampigia mama yake kelele jikoni. “Mama, umesikia? Hata chai haijachemka, huyu amefika!”

Mama mkwe alikuwa na maoni yake. Alitaka mwezi wa mwisho niende nikakae kwa binamu yangu karibu na hospitali, nilale hata sakafuni, ningoje huko. “Mwiitu wakwa, binti yangu, uchungu haungoji mtu,” aliniambia, na alikuwa na haki ya kusema. Lakini mume wangu alichukia wazo la mke wake kulala sakafuni kwa watu na gari la farasi mia tatu limeegeshwa uani. Na mimi nilikuwa na mbuzi saba waliobaki, wa kuwakatia majani mbali kabisa. Basi nikakubali kubaki nyumbani, na nilikubali kwa furaha. Nilitaka dakika zangu kumi na mbili.

Nyuma ya kitabu kulikuwa na orodha ya vitu ambavyo mnunuzi angeweza kuongezewa akipenda. Redio. Vioo vya kupanda vyenyewe kwa umeme. Kipoza hewa. Mabegi mawili ya ngozi, yaliyoshonwa yaenee sawasawa nyuma ya viti. Mume wangu alinipa penseli nitie alama, ati siku yake ya kununua ikifika asihangaike. Redio alitaka. Vioo vya umeme alivikataa, akasema mkono wake haujavunjika. Kwenye mabegi akasita, kisha akaenda na kamba kupima ile nafasi ya nyuma ya viti. Wiki hiyo akatengeneza sanduku la mbao za mukau, akalipiga msasa likawa laini, akatandika sweta lake la zamani ndani. Likaingia pale nyuma bila kutikisika. Akaniambia niandike chini ya ile orodha, kwa herufi kubwa, kitanda cha mtoto. Nikaandika.

Mtu asidhani alikuwa mtu wa kuota tu. Kitabu kilisema tumbo la gari liko inchi tano kutoka ardhini, na aliposikia hivyo alichukua jembe na mtaimbo, akaenda kwenye ile njia yetu mpaka barabara kuu, akajaza mashimo mawe na kuvunja miamba, jioni baada ya jioni, wiki mbili nzima. Aliweka petroli ya super kwenye mitungi miwili. Aliwasha injini kila Jumamosi, akaiacha ipate moto polepole, kama ilivyoandikwa. Kila nilichomsomea alikifanya.

Jumapili moja tulifika kwenye kupoza injini. Alikuwa ameona mpira mmoja wa rejeta umepasuka, akaubadilisha, na maji ya yule mzungu yote yakamwagika chini. Alitaka kujua ajaze nini. Nilisoma ukurasa ule kimya kwanza, kama nilivyozoea, ili nijue nitaugeuza vipi. Ulisema injini hii ni ya aluminiamu. Itiwe maji ya mvua au maji yaliyosafishwa, pamoja na dawa yake, na kamwe isitiwe maji ya kisima yenye chumvi, kwa sababu chumvi hula chuma hicho kutoka ndani bila mtu kuona.

Maji ya kisima chetu yalikuwa ya chumvi. Hata ng'ombe waliyanywa wakitingisha vichwa. Maji matamu yalikuwa mahali pamoja tu, kwenye tangi la paa la kanisa, na wazee wa kanisa waliyagawa debe moja kwa kila nyumba kwa wiki. Debe letu lilikuwa kwenye mtungi pembeni mwa kitanda changu. Mama mkwe hakuligusa, mume wangu hakuligusa, walikunywa ya kisima na kuharisha ili mimi ninywe hilo.

“Imesema maji kiasi gani?” mume wangu aliuliza.

“Lita kumi na nne.”

“Maji gani?”

Nilimjua mume wangu. Angebeba mtungi ule palepale, aniambie nivumilie wiki moja tu, na wiki iliyofuata angehitaji tena ya kuongezea. Na nitasema ukweli, nilikasirika pia. Watu walikuwa wakichimba mchanga wa mto kwa mikono kutafuta kikombe kimoja, halafu kitabu cha Ulaya kinachagua maji!

“Maji,” nikasema. Nikafungua ukurasa mwingine.

Uchungu ulianza Ijumaa, saa nne asubuhi. Lori la soko lilikuwa limepita Alhamisi. Mume wangu alinibeba mikononi akaniweka kwenye kile kiti cha chini kama mkeka, mama mkwe akanipa chupa yangu ya maji kupitia dirishani, na injini ikawaka mara moja. Tulipita kwenye njia aliyoitengeneza bila kugusa jiwe. Tulipoingia barabara kuu akakanyaga, na mgongo wangu ukabandikwa kwenye kiti. Nilikuwa na uchungu mkali na nilikuwa nacheka. Sijawahi tena kuwa na furaha ya namna ile, na naona aibu kuisema, lakini ilikuwepo.

Hatukufika nusu ya njia. Mshale wa kuonyesha joto la injini ulipanda, kisha mvuke ukatoka chini ya boneti, kisha nguvu zote zikaisha na gari likaserereka polepole mpaka likasimama. Alifungua boneti, akaungua mkono, akarudi akitaka chupa yangu. Nikampa. Alimimina maji yale matamu yote, na niliyasikia yakitoka chini, yakimwagika kwenye vumbi.

“Yanapita tu,” alisema. “Yanapita tu, mwalimu.”

Alikimbia kutafuta watu. Walikuja wanaume wanne na mkokoteni wa kubebea maji, wakanisukuma juani, wakipokezana, mpaka tulipokutana na gari la mwalimu mkuu mmoja wa shule. Tulifika hospitali jua linazama. Walinipasua wakaniokoa mimi. Mtoto alikuwa msichana, mkubwa, mwenye nywele nyingi, na alikuwa ameshakufa. Kizazi nacho walikitoa.

Mume wangu alilifuata sanduku kule gari lilikokwama, akalirudisha begani kwa miguu. Walimlaza mtoto humo juu ya sweta. Kwetu mtoto hupewa jina siku ya tatu, kwa hiyo huyu hakuwa na jina la kutajwa, na mama mkwe alimzika bila maneno mengi.

Gari lilivutwa kwa ng'ombe likarudishwa uani. Mume wangu aliacha kuliwasha. Alikaa mbele yake akijilaumu, kwamba alikanyaga sana, kwamba alifunga mpira vibaya, kwamba angemsikiliza mama yake. Nilimletea chakula nikamwacha ajilaumu. Hilo ndilo ninalolijutia kuliko yote.

Miezi miwili baadaye watu wa kampuni ya yule mzungu walikuja na lori kulichukua. Walikuwa na fundi wao kutoka mjini. Alifungua injini kidogo, akaingiza kidole, kikatoka na unga mweupe.

“Mzee, mliweka maji gani hapa?”

“Ya kisima,” mume wangu akajibu.

“Ya kisima? Na si hii mambo imeandikwa kwa kitabu? Page mzima!”

Mume wangu aligeuka akanitazama nilipokuwa nimesimama mlangoni. Wakapakia gari, wakachukua funguo na logbuku, na kitabu hawakukiulizia.

Lori lilipoondoka alikitoa kitabu ndani, akaketi kwenye kigoda chake.

“Soma,” akasema. “Kutoka mwanzo. Usiruke.”

Nilisoma. Silinda, kabureta, farasi, upepo wa matairi. Sauti yangu ilikuwa ikikauka, na hakuniambia ninywe maji. Nilipofika kwenye ule ukurasa niliusoma wote, neno kwa neno, kwa Kikamba, mpaka mwisho.

“Hiyo uliona siku ile?”

“Niliiona.”

“Ukanyamaza.”

“Ungechukua maji ya mtungi,” nikasema. “Yalikuwa ya mtoto.”

Alitazama alama za matairi kwenye ua. Nilimngoja anipige, ingawa hakuwahi kunipiga kabla na hakunipiga baadaye, miaka yote mpaka nilipomzika.

“Ningechukua,” akasema mwishowe. “Yote.”

Akakifunga kitabu mapajani mwangu kwa mkono wake uliokuwa na kovu la moto.

“Na tungefika.”

Nikamwambia ndiyo, tungefika.