Mwaka Nilioandika Majina ya Wakata Mkonge

Nilipomaliza darasa la nane nilirudi nyumbani Misima, nikakaa miezi saba bila kazi, nikiwa na shati jeupe moja na kalamu moja ya wino. Baba alinionyesha jembe. Nikamwambia sikusoma miaka minane ili nirudi kwenye muhogo. Hakubishana nami. Wiki iliyofuata alinisindikiza hadi Handeni, akanipandisha lori la mahindi lililokuwa likienda Korogwe, akasema, "Nenda kwa mama yako mkubwa. Huko hakuna anayekosa kazi."

Mama mkubwa, dada yake mama, alikuwa akiishi kambini kwenye shamba moja la mkonge, nje kidogo ya mji. Mumewe alikuwa mkataji. Aliletwa enzi za Mwingereza pamoja na manamba, wale watu waliochukuliwa mbali kwa mkataba, wakaitwa kwa namba zao badala ya majina yao. Mkataba ulipokwisha wenzake walirudi makwao. Yeye alisilimu, akamwoa mama mkubwa, akabaki. Alikuwa mtu mrefu, mpole, mwenye viganja vigumu kama gome la mti. Jioni ya kwanza, tukila bada, ule ugali wa muhogo, na mlenda, alinishika mkono akaugeuzageuza.

"Huu ni mkono wa kalamu," alimwambia mkewe. "Usikubali aende kwenye mkonge. Utaharibika."

Nilimpenda tangu siku ile. Ndiyo maana naandika haya kwa shida.

Vijana tuliokuwa pale kambini tulishinda tumekaa kwenye magogo mbele ya duka, tukingoja kazi za ofisini. Wengine walitoka Kwashemshi, wengine Mombo, na wote tulikuwa na vyeti vya shule. Mnyapara alikuwa akipita asubuhi akiuliza nani anataka kisu cha kukatia, nasi tulitazama pembeni. Kukata mkonge tulikuita kazi ya watu wasio na kwao. Lakini midomo ile ile ililalamika kwamba wageni wamejaza nafasi zetu.

"Uhuru tumeupata," alisema kijana mmoja, "halafu Mrundi anapokea mshahara, na mimi mwenye nchi nakalia gogo."

Niliitikia. Asubuhi hiyo hiyo nilikuwa nimekunywa uji nyumbani kwa Mrundi, mume wa mama mkubwa.

Kisha likaja tangazo. Kila mfanyakazi ambaye hakuzaliwa nchini ajiandikishe na aonyeshe karatasi za ukaazi. Bwana mmoja aliletwa na Landrova kusimamia kazi hiyo, mtu msafi, mwenye sauti ya chini. Alihitaji mtu mwenye mwandiko mzuri. Karani wa shamba alininyooshea kidole pale pale kwenye gogo.

Sijui kama nimewahi kufurahi vile tena. Nilipewa kiti. Nilipewa daftari kubwa lenye mistari. Meza yetu ilikuwa chini ya banda karibu na korona, ile mitambo ya kusaga majani ya mkonge, na siku nzima ilinguruma nyuma yetu. Wakataji walikuja kwa mstari, kofia mikononi. Watu waliokuwa wakinitania kambini sasa waliniita bwana karani, nao hawakunitazama usoni.

Siku ya pili yule bwana aliniambia, bila kuinua kichwa, "Kazi yako ni nzuri. Ofisini kwetu mjini tunatafuta mtu wa namna hii." Tangu hapo nililala na maneno hayo na kuamka nayo.

Siku ya tatu alifika baba mkubwa, mume wa mama mkubwa. Alikuwa amevaa shati la Idi, limepigwa pasi. Alimsalimu yule bwana, kisha akanisalimu na mimi, kwa heshima, kama hatujuani.

"Umezaliwa wapi?" aliuliza yule bwana.

"Kasulu, bwana."

Nilianza kuandika. Kasulu iko upande wetu wa mpaka, na lugha ya Waha wa huko na ya Warundi zinakaribiana sana. Mtu wa Tanga asingeweza kuzitofautisha. Wakataji wawili kabla yake walikuwa wamesema hivyo hivyo, nami nikaandika.

Yule bwana akaniwekea mkono juu ya daftari.

"Huyu ndiye unayekaa kwake, sivyo?"

"Ndiyo, bwana."

"Basi unamjua. Ni mtu wa Kasulu?"

Korona ilikuwa ikinguruma. Baba mkubwa hakunitazama. Alitazama daftari, na alikuwa hajui kusoma. Nilikumbuka hadithi aliyotusimulia zaidi ya mara moja baada ya kula, jinsi alivyovuka mto Malagarasi akiwa kijana, maji kifuani, nguo zake kichwani, na jinsi alivyoambiwa kwamba ng'ambo ni nchi nyingine.

"Alituambia alivuka mto," nilisema.

"Mto gani?"

Nikautaja.

"Andika Urundi," alisema yule bwana. Nikaandika, kwa mwandiko mzuri.

Jioni hiyo nilidhani nitafukuzwa. Mama mkubwa alinipakulia kama kawaida. Baba mkubwa alikula, akanawa, akasema tu, "Ulikuwa mezani pa watu. Mtu akiwa mezani pa watu hujibu anachoulizwa." Ingekuwa afadhali angenipiga.

Baada ya mwezi daftari lilirudi kutoka mjini ili nilinakili. Pembeni mwa majina kumi na moja palikuwa na alama ya kalamu nyekundu. La baba mkubwa lilikuwa mojawapo. Sikuambiwa maana ya alama hiyo, wala sikuuliza. Ila niliielewa, na kwa siku tisa nilikaa nyumbani mle na jambo hilo kifuani. Nilimwona akiezeka upya choo chetu. Nilimwona akipanda migomba miwili. Kila asubuhi nilisema leo nitamwambia, aende hata Handeni akajifiche kwa baba yangu. Kila asubuhi nikaifikiria ile kazi ya mjini.

Lori lilikuja siku ya kumi, saa za kazi. Waliokuja nalo waliwaita wale kumi na mmoja kwa majina kutoka kwenye mistari ya mkonge, na visu vyao mikononi, wakawapa nafasi ya kufuata nguo. Mama mkubwa alifunga mzigo wa mumewe haraka, kanzu, blanketi, unga kidogo. Hakulia. Baba mkubwa alinipa kisu chake.

"Mpe mnyapara," alisema. "Ni mali ya shamba."

Walipelekwa stesheni ya Korogwe, na kutoka huko kwa garimoshi hadi Kigoma, wavushwe mpaka kurudi Urundi. Yule bwana wa Landrova hakurudi tena, kazi ya daftari ikaisha, na ile ya mjini sikuisikia tena. Mistari kumi na moja ilibaki bila mtu. Vijana wa kwenye magogo, waliodai nafasi zao, hakuna aliyesogea hadi lilipotolewa agizo jingine: asiye na shamba wala kazi ataonyeshwa kazi. Wenzangu watatu walitoroka kupitia Mombo. Mimi sikuwa na uso wa kutorokea kwa baba. Nilipokwenda kurudisha kisu, mnyapara alikitazama, akanitazama na mimi, akasema, "Kaa nacho."

Nilikata mkonge miaka miwili. Utomvu wake unawasha hadi ngozi inababuka, na miba yake sitaieleza hapa.

Barua moja ilifika, imeandikwa na mkono wa mtu mwingine. Baba mkubwa alisema amefika, na kwamba ndugu zake wameshagawana shamba la baba yao. Tulijibu, tukasubiri, hatukupata kitu. Miaka michache baadaye tulisikia redioni kwamba huko watu wanauana, na maelfu wanavuka kuja upande wetu. Mama mkubwa aliuza mbuzi, akapanda garimoshi peke yake kwenda Kigoma kumtafuta katika kambi za wakimbizi. Alikaa huko wiki tano.

Wakati huo nilikuwa nimeacha mkonge na kurudi Misima, kijiji kimeshapangwa upya kwa mistari, nami nikilima shamba la pamoja. Mama mkubwa alishukia kwetu akiwa amekonda. Nilimpokea mzigo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

Alikunywa maji. Baadaye akasema, "Mahali pote wanauliza umezaliwa wapi. Nao wana vijana wa kuandika."

Sikumwuliza kama alimwona baba mkubwa. Aliishi nasi hadi alipofariki, na chakula changu alinipakulia mwenyewe kila siku.